Kwa Mashua Hadi Nguzo ya Mwisho: Magofu ya Pwani ya Mpakani

Jumamosi: Lamu hadi Takwa

Tumeng'oa nanga gatini Lamu saa sita mchana, maji yakianza kujaa. Mwezi ni mpevu, kwa hiyo ni bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, na safari nzima imepangwa juu ya hilo. Magofu tunayoyaendea, kuanzia kisiwa cha Manda hadi mpaka wa Kenya na Somalia, mengi yamekaa ndani ya hori ambazo siku za maji mafu chombo hakiingii. Waliojenga huko waliyajua maji. Anayekwenda kuyatazama naye sharti ayajue, au awe na nahodha anayeyajua. Wetu ni Mbajuni wa Kizingitini, mtu mzima, na mabaharia ni wanawe wawili. Mashua ina tanga na mashine pia, maana mwishoni mwa Machi kaskazi imelegea na kusi haijaingia, na upepo wa tanga mbili hauaminiki.

Baadhi ya magofu haya nimewahi kuyafikia kwa miguu, nikipita vichakani, na kila mara nilihisi nimeingilia uani. Safari hii nataka nije nayo kwa mbele, kwa njia waliyoijia wageni wa miji hiyo ilipokuwa hai.

Hori ya Takwa, kisiwani Manda, imebanwa na mikoko pande zote mbili. Mashine ilizimwa, vijana wakashika upondo, tukasogea polepole hadi mashua ikagusa tope. Hapo viatu mkononi. Mji uko hatua chache ndani, umezungushiwa ukuta, na nyumba zake karibu zote zimeelekeza milango kaskazini, upande wa kibla. Watu walikaa hapa kuanzia karne ya 15 hadi ya 17. Sababu inayotajwa sana ya kuhamwa kwake ni visima kuingia chumvi, na waliohama walivuka mlango wa maji wakaenda Shela, kisiwani Lamu. Msikiti wa Ijumaa una jambo ambalo sijaliona kwingine: juu ya ukuta wa kibla, pale palipo mihrabu, imesimama nguzo nene ya mawe. Nje ya ukuta wa mji kuna kaburi lenye nguzo nyingine, ndefu, lenye maandishi ya mwaka 1094 wa Hijria, takriban 1683.

Nilikaa muda mrefu zaidi mbele ya kitu kidogo. Kwenye lipu ya ukuta wa nyumba mtu alichora chombo kwa ncha ya kitu kikali: mkuku, mlingoti, kamba. Mistari imeingia kwenye chokaa kwa kina cha ukucha. Nilimwita nahodha atazame. Aliinama, akafuata mistari kwa kidole bila kuigusa, akasema, "Huyu alikuwa baharia. Kamba kazifunga pahali pake."

Watu wa Shela bado huja hapa kuzuru lile kaburi na kuomba mvua. Nimeandika hilo mwanzoni kabisa mwa daftari, kwa sababu neno "yaliyosahauliwa" limezoeleka mno kwa magofu ya kaskazini. Serikali inaweza kusahau, watalii pia. Shela hawajasahau.

Jumapili: Mkanda na Manda ya kale

Nahodha alituamsha usiku wa manane. Mkanda ni ule mfereji mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, na maji yakipwa chombo chenye mzigo hukwama humo hadi maji yarudi. Tulipita maji yakiwa juu kabisa, kabla ya adhana ya alfajiri, mikoko ikiwa karibu kiasi cha kuvuta majani kwa mkono.

Kulipopambazuka tulikuwa kwenye ncha ya kaskazini-magharibi ya kisiwa, ulipo mji wa kale wa Manda. Juu ya ardhi hakuna mengi: mibuyu, vifusi, vipande vya kuta, vigae. Lakini huu ni miongoni mwa miji mikongwe na tajiri ya pwani yetu. Mwanaakiolojia Neville Chittick alipochimba kuanzia 1966, alikuta mji uliokuwa ukifanya biashara na Ghuba ya Uajemi tangu karne ya 9, wenye vyungu vya kigeni kwa wingi na hata matofali ya kuchomwa ya aina inayofanana na ya Sohar, Oman. Pwani yetu hujengwa kwa matumbawe na boriti, si kwa tofali la kuchoma, na moja ya maelezo ni kwamba yalikuja tumboni mwa vyombo kuvipa uzito.

Ukiwa majini ndipo unapouona ukuta wa ufukweni. Ni mawe makubwa ya matumbawe, mengine ya uzito wa tani nzima, yaliyopangwa bila udongo kuzuia bahari na kupanua ardhi ya mji. Mara ya kwanza nilipofika hapa kwa miguu niliyakanyaga nikidhani ni mwamba wa kawaida. Leo, nikiwa chini yake mashuani, niliona mpango wake: pembe zimenyooka, mstari umeshikana. Gharama ya kazi hiyo waliiweka upande wa bahari, kwa sababu huko ndiko utajiri ulikotokea.

Mchana tulivuka ghuba kuelekea mji wa Pate, ulio kwenye kisiwa cha jina hilohilo. Tulifika gatini jioni, maji yakiwa yamejaa. Angekuwa mwingine na saa nyingine, angeshukia Mtangawanda, kwenye kina, kisha amalizie kwa miguu.

Jumatatu: Pate

Siku nzima Pate, na haikutosha.

Mji wa sasa umeegemea mji wa zamani, na mji wa zamani ni shamba la tumbaku. Unapita kati ya mistari ya miche, unapinda, na mbele yako umesimama ukuta wa orofa wenye vidaka vya lipu, yaani vishubaka vya ukutani, safu juu ya safu, vimechongwa kingo kwa ustadi ambao fundi wa leo angeutolea jasho. Vidaka hivyo viliwekewa kauri. Chini yake mkulima ameanika majani ya tumbaku. Nilimsalimu mzee aliyekuwa akipalilia, nikamwita ami, nikamwomba ruhusa ya kupima ukuta ulio shambani mwake.

"Pima, mwanangu," alisema. "Lakini usiegemee. Ule wa pili ulianguka msimu wa mvua, na boriti zake mimi mwenyewe nilizikusanya."

Alinipeleka kuziona. Boriti za mkoko zilizobeba dari ya nyumba ya watu wakubwa, zimepangwa kando ya kibanda. Nilipima moja: haikufika mita tatu. Hiki ndicho kipimo kilichotawala usanifu wote wa pwani. Boriti ya mkoko ikizidi hapo hailibebi dari la mawe na chokaa, kwa hiyo vyumba vyetu vya kale ni virefu lakini vyembamba, Lamu, Pate, Siyu, kote. Ukijua hilo, unaweza kusimama ndani ya gofu lisilo na dari ukasema hapa palikuwa na orofa, kwa kutazama tu matundu ya boriti yalivyofuatana ukutani.

Pate ilitawaliwa na masultani wa Nabahani, na kwa muda ilikuwa ndiyo yenye nguvu kuliko miji yote ya visiwa hivi. Ilipigana na Wareno, ikapatana nao, ikapigana nao tena. Na ilikuwa mji wa kalamu: Utendi wa Tambuka, shairi refu la vita, uliandikwa hapa mwaka 1728. Kisha yakaja mapigano yasiyokwisha na majirani, na pigo la Shela mnamo 1812 au 1813, pale Pate na Mazrui wa Mombasa waliposhindwa na watu wa Lamu ufukweni. Nguvu zikahamia Lamu na Zanzibar. Baadhi ya Nabahani waliishia Witu, bara, ambako mwaka 1885 waliingia chini ya ulinzi wa Wajerumani.

Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliziangalia nyumba hizihizi zilizohamwa akatunga Al-Inkishafi. Nilikuwa nimelisoma shairi hilo nikiwa mwanafunzi, nikidhani ni picha za kishairi tu. Hapa Pate nimeona kwamba alikuwa akiandika alichokiona: popo wamo, buibui wamo, na vidaka vipo vitupu. Shairi na ukuta ni ushahidi wa jambo moja, na ukuta ndio unaoanguka.

Kinachouangusha si fumbo. Chokaa ikipasuka, maji ya mvua huingia ndani ya ukuta, na ndege hudondosha mbegu ya mtini kwenye ufa. Mzizi unashuka ukitafuta udongo, unanenepa, unasukuma mawe. Nilipima mzizi mmoja uliopenya katikati ya mihrabu ya msikiti mdogo nje ya mji: unene wa paja langu. Ukiukata ghafla, ukuta unaoshikwa nao huporomoka. Kazi hii inahitaji fundi anayejua, chokaa ya zamani na si saruji, na mtu wa kurudi kila mwaka baada ya mvua. Pate inastahili angalau hilo.

Magharibi, maji yakiwa bado juu, tulitoka tukaenda kulala Mtangawanda.

Jumanne: Siyu na Shanga

Siyu, mji mwingine wa kisiwa cha Pate, ina mlango wake wa mikoko, na maji yakipwa unabaki mfereji wa tope. Tuliingia saa moja asubuhi. Njia inapinda, inapinda tena, kisha mikoko inafunguka na ngome yote iko mbele yako, kuta zake zikishuka karibu na maji. Mshangao huo ulipangwa. Adui aliyekuja kwa chombo alilazimika kufuata mfereji mmoja tu, kwa saa chache tu za siku, na mwisho wake ni mdomo wa mizinga.

Ngome za pwani hii nyingi zilijengwa na waliotoka nje, Wareno au Waomani. Hii inahesabiwa kuwa ya wenyeji. Siyu chini ya Bwana Mataka ilikataa kumtii Seyyid Said wa Zanzibar, na mwaka 1844 majeshi ya Sultani yalivunjwa hapa, kamanda wao Amir Hamad akauawa. Siyu haikuwekwa chini hadi 1863, wakati wa Sultan Majid. Makumbusho ya Taifa yameikarabati ngome, na kazi inaonekana imefanywa kwa heshima: kuta zimesimama, lango zito la mbao lipo. Siyu yenyewe ni mji wa mafundi, uliosifika kwa kunakili misahafu, kwa ngozi na kwa viti vya enzi, na hadi leo ukipita vichochoroni husikia nyundo ya mshona ngozi.

Shanga tuliiendea kwa miguu, mwendo wa saa moja mchangani juani, kwa sababu ufukwe wake wa kusini hauna kina cha kutosha mashua yetu. Ukitoka vichakani unakutana na kuta za nyumba karibu mia mbili, makaburi mengi kuliko nyumba, na msikiti wa Ijumaa. Mwanaakiolojia Mark Horton alichimba hapa miaka ya 1980, na alichokipata chini ya msikiti huo kinanisisimua kila nikikifikiria: msikiti chini ya msikiti, tabaka baada ya tabaka, kushuka hadi mwishoni mwa karne ya 8, na ile ya chini kabisa si ya mawe bali ya miti na udongo, midogo, ya kuswalia watu wachache. Kulikuwa pia na sarafu ndogo za fedha zenye majina ya watawala wa hapahapa. Watu walioanza na banda la miti walipanua, wakabomoa, wakajenga upya pahali palepale kwa vizazi, hadi wakasimamisha msikiti wa mawe kama mwaka 1000. Mji ulihamwa mwanzoni mwa karne ya 15.

Wapo bado wanaosema miji hii ilijengwa na wageni waliokuja na ujuzi wao melini. Asimame hapa mtu wa aina hiyo, aonyeshwe matundu yaliyoachwa ardhini na miti ya ule msikiti wa kwanza.

Jumatano: Faza

Maji ya asubuhi yalitutoa Siyu, na kabla ya adhuhuri tulikuwa Faza. Wareno waliuharibu mji huu mwaka 1587, wakiuita Ampaza, kwa kuwa ulimuunga mkono Mir Ali Bey, nahodha wa Kituruki aliyepambana nao, na kilichobaki cha zama hizo ni kidogo. Kilichonileta ni msikiti wa Kunjanja, ambao sasa ni kifusi chenye mihrabu nzuri, na kaburi la yule Amir Hamad, nje ya mji. Jemadari aliyeletwa kuitiisha Siyu amelala peke yake. Mtoto aliyetuongoza alijua jina lake, na alijua nani alimshinda.

Tulinunua maji, mchele na nazi. Mashine ilikuwa ikikohoa, ikafunguliwa, ikasafishwa. Hakuna zaidi.

Alhamisi: Kiwayu

Kutoka hapa kwenda juu mambo hubadilika. Kiwayu ni kisiwa chembamba kirefu, bahari kuu upande mmoja na maji tulivu upande mwingine, na ndipo inapoanzia hifadhi ya bahari ya Kiunga, iliyotangazwa 1979. Mbele yake ni mnyororo wa visiwa vidogo vya mwamba sambamba na pwani, na chombo hupita kati yake na bara.

Ndipo pia ulinzi unapoanza kuwa mkali. Tangu 2011, vita vya Somalia vilipovuka hadi huku, vijiji vya mwambao na vya msitu wa Boni vimelipa gharama kubwa. Watu waliuawa, wengine walihama, na kwa miaka wavuvi walikatazwa kutoka usiku, wakati ambapo samaki hupatikana. Vibali vyetu tulivitafuta Lamu kabla ya kuondoka, na kila kituo tulijitambulisha. Yeyote anayesoma haya na kutamani kuja, aanze na ofisi husika na wazee wa vijiji, na asipoambiwa ndiyo asije. Kamera hukaa mfukoni karibu na kambi.

Ijumaa: Kiunga

Tulifika mapema tukaswali Ijumaa na watu wa Kiunga. Kwa mstari ulionyooka, Lamu iko nyuma yetu karibu kilomita 90, lakini kwa hori na mizunguko ni zaidi sana.

Baada ya swala nilikaa na wazee barazani. Niliuliza habari za magofu, wao wakanijibu habari za jamaa. Fulani ana dada Chovai, fulani babu yake kazikwa Koyama, fulani aliolea Ras Kamboni. Kote huko ni ng'ambo ya mpaka, Somalia. Nilichelewa kuelewa kwamba walikuwa wakinijibu sawasawa. Mpaka huu ni mgeni. Hadi 1925 Jubaland, eneo ambalo sasa ni kusini mwa Somalia, ilikuwa chini ya Waingereza, kisha ikakabidhiwa kwa Italia, na wapimaji wakashusha mstari hadi baharini kati ya 1925 na 1927. Makaburi ya nguzo na misikiti ya matumbawe yalikuwa yamesimama kwa karne nyingi, kusini na kaskazini ya mstari, na walioyajenga walikuwa watu wamoja: Wabajuni na waliowatangulia. Kazi inayoitwa leo urithi wa Kenya ilikatwa katikati, na nusu yake ya pili haipimwi na mtu kwa sababu ya vita.

Jumamosi: Ishakani

Askari wawili walifuatana nasi. Ishakani ndiyo makazi ya mwisho kabla ya mpaka, na makaburi yake ndiyo mazuri kuliko yote niliyoyaona katika safari hii. Kaburi kubwa limegawanywa kwa paneli za matumbawe, kila moja na nakshi yake, mistari ikikatana kwa kipimo sawa na kingo zikiwa bado kali. Jiwe hili hukatwa likiwa bichi kutoka baharini, likiwa laini la kuchongeka kwa kisu, kisha likikauka hugeuka gumu. Fundi alikuwa na muda mfupi wa kuamua, na hapa hakukosea hata mahali pamoja.

Kuna vishimo vya mviringo ambamo bakuli za kauri zilipachikwa. Ni vitupu. Kimoja kina alama mpya za patasi kuzunguka ukingo, nyeupe dhidi ya jiwe lililosawijika. Aliyefanya hivyo alikuwa na haraka, akavunja nakshi ya pembeni. Kauri iliyovunjika haina thamani sokoni, na tundu lililobaki ni hasara ya kaburi zima. Nilihuzunika sana. Mmoja wa askari, kijana wa bara, aliuliza ni nani amezikwa. Nilimweleza ninachojua kuhusu watu waliojenga hivi, akasogeza bunduki mgongoni, akanishikia ncha ya utepe. Tulipima upande wa mashariki, paneli kwa paneli, hadi jua likawa kali.

Kutoka majini makaburi haya yanaonekana juu ya kilima cha mchanga. Nahodha alithibitisha: zamani alama za kuingilia mlango wa mwamba zilichukuliwa kwa vitu vya aina hii, nguzo nyeupe zilizopakwa chokaa.

Mbele kidogo ni Dar es Salam, si lile jiji, bali mahali pa ufukweni penye nguzo namba 29 ya mpaka, ya mwisho nchi kavu. Mahakama ya Kimataifa ya Haki, katika hukumu yake ya Oktoba 2021 kati ya Somalia na Kenya, ilianzia hapo: mstari ulionyooka kutoka nguzo hiyo hadi maji ya kupwa, kisha ukaingia baharini. Hatukuruhusiwa kuifikia, na sikubishana. Ras Kamboni ilionekana. Nahodha alinionyesha kwa kidole kila kichwa cha ardhi, akikitaja jina, hata vile ambavyo havionekani tena: Burgabo, kisha visiwa, Chula, Chovai, Koyama. Alipokuwa kijana alivifikia vyote na baba yake, wakibeba boriti na samaki mkavu. Anasema Chovai kuna msikiti wa kale, na anakumbuka upande gani wa ufukwe.

Nimeandika maelezo yake yote, pamoja na kina cha maji aliyoyakumbuka. Vipimo vya Ishakani na picha za alama za patasi nitaviwasilisha kwa makumbusho Lamu tukirudi. Novemba, kusi ikiisha, tumekubaliana kurudi na chokaa, fundi wa kutoka Siyu na wanafunzi wawili wa Kiunga, tupime upande wa magharibi uliobaki.